Shajara ya mradi: ndege waimbao wa njia ya Marangu, kutoka kihambani hadi Zebra Rocks

Kazi yangu ni kuongoza wageni Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Kila safari napita migomba ya nyumbani, msitu, vichaka vya Erica na nyanda za lobelia, mimea ya juu inayosimama kama minara, kisha nashuka kwa njia ileile. Miaka yote hiyo nimeona ndege wakibadilika kadiri tunavyopanda. Mgeni akiniuliza kwa nini wa juu ni wanene na hawaogopi watu, nilikuwa namjibu kwamba ni baridi. Jibu hilo halinitoshi tena. Naandika hapa kila hatua ninayomaliza ili mwongozaji mwingine, wa mlima huu au wa Meru au wa Mlima Kenya, aweze kuifuata bila kurudia makosa yangu.

## 10 Januari 2024: Kupanga

Njia ya Marangu inafaa kwa kazi hii kwa sababu unapanda na kushuka palepale, na mwinuko umeandikwa kwenye mabango. Nimechagua vituo vitano: kihambani kwetu, yaani shamba la migomba la nyumbani, karibu mita 1,500, langoni, karibu 1,870, kambi ya Mandara, 2,720, kambi ya Horombo, 3,720, na Zebra Rocks, kama mita 4,000, tunakopanda siku ya kuzoea mwinuko. Kibo, kambi ya mwisho kabla ya kilele, nimeiacha. Ndege wa kule ni wachache, na usiku ule wa kupanda kileleni macho yangu yote yako kwa wageni.

Kwa kawaida joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo kati ya kihamba na Horombo kuna tofauti ya nyuzi 13 hivi. Hewa nayo inakuwa nyepesi. Horombo shinikizo lake ni kama theluthi mbili tu ya lile la pwani. Nataka kuona mambo hayo mawili yanamfanya nini ndege: umbo lake, saa anayoanza kuimba, anavyotafuta chakula, na umbali anaokuruhusu kumsogelea.

Kabla ya kuanza niliulizia taratibu. Utafiti rasmi hapa nchini unahitaji kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), wanyamapori wanahusu TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori), na ndani ya hifadhi lazima TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa) waridhie. Mimi sina kibali cha utafiti, kwa hiyo nimejiwekea mipaka: naangalia, nasikiliza na kupiga picha nikiwa kwenye njia kama mtu yeyote anayepita. Sitegi nyavu, simshiki ndege, wala sipigi sauti iliyorekodiwa ili kumwita. Kipimo chochote kinachohitaji ndege mkononi hakimo kwenye mradi huu.

Gharama hadi sasa: darubini ya mtumba Sh 150,000, daftari la jalada gumu Sh 4,000, vipimajoto vitatu Sh 36,000. Chukua penseli. Kalamu ya wino iligoma Horombo asubuhi ya kwanza.

## 6 Februari 2024: Safari mbili, na kosa la saa

Utaratibu ulikuwa kusimama dakika kumi katika kila kituo na kuandika kila ndege niliyemwona au kumsikia. Baada ya safari mbili daftari lilionyesha wazi kwamba ndege wa Horombo wanaimba sana na wa msituni karibu hawaimbi. Nikaanza hata kuwasimulia wageni hivyo.

Kosa lilikuwa kwenye ratiba yangu. Wageni wakimaliza kuandikishwa langoni ni saa nne au saa tano. Msituni tunapita saa sita na saa saba, wakati ndege wengi wamenyamaza. Horombo tunalala usiku mbili, kwa hiyo nilikuwa nasimama nje alfajiri, wakati kila ndege ana la kusema. Nilikuwa nimepima saa, nikaandika mwinuko.

Aliyenizindua ni mpishi wetu, mzee aliyepanda mlima huu kabla sijazaliwa. Aliniona Horombo na daftari, akaniuliza, “Kijana, mbona Mandara huamki? Wale wa msituni mimi nawasikia kabla sijawasha jiko.” Nikamwambia, “Mzee, Mandara huwa nalala hadi chai.” Akasema, “Basi hujawasikia.”

Safari iliyofuata niliamka Mandara saa kumi na moja alfajiri. Sauti ya kwanza ilitoka gizani saa kumi na moja na dakika arobaini na nane, na kufika saa kumi na mbili msitu wote ulikuwa unaimba kiasi kwamba sikuweza kutenganisha sauti moja na nyingine. Nimefuta hesabu zote za mchana. Kuanzia sasa nalinganisha alfajiri na alfajiri: kihambani siku moja kabla ya safari na siku moja baada ya kurudi, Mandara asubuhi ya siku ya pili, Horombo asubuhi ya siku ya tatu. Langoni nimepaacha, kwa sababu sifiki pale alfajiri.

Rekebisho lingine dogo ambalo lina maana kubwa: usiandike saa peke yake, andika ni dakika ngapi kabla au baada ya jua kuchomoza. Jua la Februari na jua la Novemba hayachomozi dakika ileile, na miezi tisa baadaye utadhani ndege wamebadilisha tabia.

## 29 Februari 2024: Sauti zimenishinda kwa sasa

Nilitaka kurekodi nyimbo kwa simu nilinganishe wembamba wa sauti za ndege wa chini na wa juu mlimani. Nimeshindwa kwa sababu nne, nazo ni hizi ili mwingine asipoteze mwezi mzima.

Betri kwanza. Simu iliyojaa ilizimika Horombo ndani ya robo saa kwa baridi. Dawa ni kuiweka kwapani ndani ya koti na kuitoa wakati wa kurekodi tu. Nimenunua pia betri ya akiba kwa Sh 45,000, ambayo nayo inalala nami ndani ya begi la kulalia.

Pili, upepo. Kipande cha sponji cha godoro la zamani, kikivishwa soksi juu ya maikrofoni, kinapunguza mvumo kuliko kifaa cha dukani nilichojaribu. Hakikugharimu kitu.

Tatu, simu huhifadhi sauti kwa kuibana, na katika kubana huko sauti nyembamba za juu hupotea. Mlio wa kinengenenge, kandege ka kijani kenye duara jeupe machoni, ni mwembamba kama uzi. Kwenye rekodi zangu za kwanza ulikuwa umebaki kama mchakacho wa majani makavu. Tafuta kwenye mipangilio uchague WAV, aina ya faili isiyobana sauti.

Nne ndiyo iliyonisimamisha. Majani mengi humeza sauti nyembamba, na kwenye nyanda za wazi sauti husafiri mbali. Kwa hiyo ndege yuleyule akiimba umbali uleule, rekodi ya msituni na ya Horombo zitatofautiana hata kama yeye hajabadilisha chochote. Ili kulinganisha kwa haki, lazima umwone ndege, ujue yuko ndani ya mita kumi, na hakuna jani kati yenu. Msituni Mandara nimepata nafasi hiyo mara mbili tu. Kipengele cha wembamba wa sauti nimekiweka kando. Saa ya wimbo wa kwanza naendelea nayo.

Programu ya kutambua ndege kwa sauti isipojua mahali ulipo hukupa majina ya ndege wa Ulaya. Iwekee eneo mwenyewe kabla mtandao haujakatika, na hata hivyo jina inalokupa lichukue kama pendekezo hadi umwone ndege kwa macho.

## 18 Juni 2024: Ndege aliyepungua

Masika yote nilikuwa nyumbani. Kwa akiba ya msimu nilinunua kamera ya mtumba yenye lenzi ndefu, Sh 420,000. Ndiyo gharama kubwa kuliko zote katika mradi huu.

Ndege wangu mkuu sasa ni yule mdogo wa kahawia anayeruka jiwe hadi jiwe Horombo, anayetikisa mabawa na kuonyesha weupe pembeni mwa mkia. Wapagazi wengi humwita tu “kale kandege ka mawe”. Vitabu vya zamani vinamwandika Cercomela sordida, vipya Pinarochroa sordida. Namfuata yeye kwa sababu hakimbii haraka na kwa sababu eneo analoishi linapanda kwa zaidi ya mita elfu moja, kutoka kwenye vichaka vya Erica hadi jangwa la juu.

Tarehe 14, saa kumi na mbili na dakika kumi alfajiri, mmoja alitua juu ya jiwe hatua nne kutoka mlango wa kibanda. Jiwe lilikuwa na ukungu mweupe wa barafu. Ndege alikuwa duara kamili: shingo haionekani, miguu imezama kwenye manyoya ya tumbo, mdomo umechomoza kama mwiba kwenye kitufe. Kila pumzi manyoya ya kifua yaliachana kidogo nikaona mengine meupe-kijivu chini yake, laini kama pamba. Nilimpiga picha kumi na moja. Nikaandika: “Mnene sana. Ndege wa juu ni mkubwa.”

Jua likapanda upande wa mashariki na kufika kwenye lile jiwe. Hakuondoka. Alijigeuza akaupa mgongo mwanga, akanyoosha bawa moja na mguu mmoja kwa pamoja, akajikung'uta. Alipotulia alikuwa ndege mwingine: mwembamba, miguu mirefu, shingo nje. Zilikuwa zimepita dakika thelathini na tano.

Usiku ule nilipima picha kwenye skrini. Alfajiri upana wa kifua chake ulikuwa karibu mara sita ya urefu wa mdomo wake. Baada ya jua ulikuwa mara nne na ushee. Alikuwa ndege mmoja, jiwe moja, mwinuko mmoja. Kama ningempiga picha alfajiri pale, kisha nikampiga mwenzake saa nane mchana chini kwenye vichaka, ningeandika kwa uhakika kabisa kwamba wa juu ni wanene.

Anachofanya kinaeleweka. Hewa iliyotulia haipitishi joto kirahisi. Ndege akisimamisha manyoya anaongeza tabaka la hewa kati ya ngozi yake na baridi, kama mtu anayevaa sweta la pili. Lakini hilo ni tendo la dakika ile, halihusu ukubwa wa mwili.

Kanuni ninayoijaribu ni ya zamani. Mjerumani Carl Bergmann aliandika mwaka 1847 kwamba wanyama wa damu moto wa sehemu za baridi huwa na miili mikubwa kuliko jamaa zao wa sehemu za joto, kwa kuwa mwili mkubwa una ngozi kidogo ukilinganisha na ujazo wake, na joto hupotelea kwenye ngozi. Mwaka 1877 Joel Asaph Allen wa Marekani akaongeza kwamba viungo vinavyochomoza, kama masikio na miguu, huwa vifupi kwenye baridi. Mdomo wa ndege ni kiungo cha namna hiyo. Damu hupita humo na joto hutoka.

Kwa hiyo nimebadilisha ninachopima. Upana wa mwili nimeuacha. Napima vitu visivyovimba: mdomo, mguu kutoka kiungo kinachoonekana kama goti hadi kidole, na bawa lililokunjwa, nikilinganisha kimoja na kingine ndani ya picha ileile. Nilikuwa nimejaribu kuweka rula chini kwenye jiwe ndege aje atue karibu nayo. Usifanye hivyo. Ndege akiwa nusu mita mbele au nyuma ya rula, kipimo kinapotoka, na isitoshe unaacha kitu kigeni kwenye hifadhi. Uwiano ndani ya mwili wa ndege mwenyewe haujali yuko umbali gani, mradi amesimama ubavu kamili kwako. Picha ambazo amegeuka hata kidogo nazitupa. Kati ya picha 140 za safari hiyo nilibaki na 19.

## 27 Julai 2024: Ndege chozi, na swali la mwalimu

Bondeni juu ya Horombo, kwenye kijito chenye lobelia, yuko chozi ninayempenda kuliko ndege wote wa mlima huu: Nectarinia johnstoni. Dume ni kijani kinachong'aa, na mkia wake wenye manyoya mawili marefu humfikisha karibu sentimita 30. Kwapani ana vishungi vyekundu anavyovifungua akikabiliana na mwenzake. Hutua kwenye mnara wa Lobelia deckenii, hupenyeza mdomo uliopinda kati ya majani yanayofunika maua ya buluu, huzunguka mnara kwa miguu, kisha huruka mnara wa pili. Hapo katikati anakamata pia vijidudu vinavyoruka kuzunguka maua.

Nilianza kwa kuhesabu madume na “madume wachanga”, yaani wale wa rangi ya udongo wenye vishungi vyekundu bila mkia mrefu. Wachanga wakawa wengi ajabu. Siku ya tatu nilimwona mmoja wao akikusanya nyuzinyuzi za majani makavu. Nikarudi kitabuni na kukuta kile ningepaswa kusoma mwanzo: katika aina hii jike naye ana vishungi vyekundu. Hesabu zote za jinsia za Julai zimefutwa.

Kuna kazi nzuri iliyofanyika Mlima Kenya kwa ndege huyuhuyu. Matthew Evans na Ben Hatchwell walibadilisha urefu wa mikia na ukubwa wa vishungi vya madume, wakachapisha matokeo mwaka 1992. Vishungi vinahusu ulinzi wa eneo lenye lobelia. Mkia unahusu kuvutia majike, na mkia mrefu humpunguzia dume ustadi wa kukamata wadudu hewani. Baada ya kujua hivyo nilianza kutazama tofauti. Siku ya upepo mkali dume mwenye mkia mrefu hakuondoka kwenye mnara kabisa, wakati jike alikuwa anakamata nzi mita mbili kutoka kwake.

Upepo huo uliniharibia vipimo pia. Mkia unapinda, na mkia uliopinda kwenye picha unaonekana mfupi. Chozi namtumia kwa picha za asubuhi tulivu peke yake. Kosa jingine: nilichagua mnara mmoja wa lobelia niwe naurudia kila safari. Niliporudi maua yalikuwa yameisha na chozi wamehama. Chagua bonde zima lenye minara mingi ya umri tofauti.

Sasa swali. Katika wageni wa mwezi huu alikuwamo mwalimu wa baiolojia. Nilimwonyesha picha tatu kwa fahari: chozi mdogo wa tumbo la njano wa kihambani, Cinnyris venustus, yule wa msitu mwenye mkanda mwekundu kifuani, Cinnyris mediocris, na huyu mkubwa wa juu. Nikamwambia, tazama wanavyokua kadiri unavyopanda. Akazitazama kwa muda mrefu, akauliza kwa upole, “Lakini hawa ni ndugu wa tumbo moja, au ni koo tatu?”

Ni koo tatu. Kila mmoja amefika hapo na historia yake, na ukubwa wa mmoja hauwezi kuelezwa kwa mwinuko peke yake. Usiku ule nilikumbuka vinengenenge, wale wadogo wenye duara jeupe machoni. Wa milimani wanafanana sana: kijani, duara pana la jicho. Mtu angewaweka wote ukoo mmoja, wa Kilimanjaro, wa Pare Kusini, wa Taita. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba yule wa Taita yuko karibu zaidi na vinengenenge wa njano wa nyikani kuliko na huyu wetu wa Kilimanjaro. Sura ya kimlima imejitokeza zaidi ya mara moja, katika koo mbalimbali. Hilo kwangu ni jambo la kustaajabisha kuliko kama wangekuwa ndugu, kwa sababu linaonyesha nguvu ya mlima wenyewe. Lakini huwezi kuliona kwa kupanga picha tatu mezani. Lazima kwanza ujue nani ni wa nani.

Nimeamua: vipimo vya mwili vitabaki ndani ya aina moja, ndege wa mawe, katika vituo vitatu vya juu. Chozi watatu nawaandika kwa tabia zao, bila kudai kwamba mmoja ni mwenzake aliyenenepa.

## 2 Septemba 2024: Kituo cha Whona kilikuwa kimeungua

Ili nimpate ndege wa mawe chini ya Horombo niliongeza kituo kwenye vichaka karibu na Whona, mahali pa kupumzikia kati ya Mandara na Horombo. Matokeo yalipendeza. Wa Whona walitua juu ya vijiti vikavu, walionekana kwa mbali, waliruka mapema. Wa Horombo walikaa chini kwenye mawe. Nikaandika kwamba mwinuko unabadilisha mahali pa kutua.

Mpagazi mmoja kijana alinisikia nikimweleza mgeni. Baadaye akaja pembeni: “Kaka, pale vijiti viko kwa sababu ya ule moto. Mimi nilibeba maji kuuzima.” Alikuwa anasema moto wa Oktoba 2020, ulioanzia eneo hilohilo la Whona na kuteketeza vichaka vingi. Niliyapita mabaki yake mara nyingi hadi macho yakayazoea. Vigogo vyeusi vya Erica bado vimesimama, na chini yake machipukizi hayajafika kiunoni. Ndege anatua juu ya kijiti kwa sababu kijiti kipo, na anaruka mapema kwa sababu ananiona kutoka mbali.

Moto ni sehemu kubwa ya habari ya mlima huu. Andreas Hemp, aliyeuchunguza kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba mioto imeushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita. Maana yake, unachokutana nacho kwenye mwinuko fulani leo si lazima kiwe kile ambacho mwinuko huo ungekuwa nacho.

Nimehamisha kituo hadi sehemu ya vichaka isiyoguswa, mwendo wa kama dakika ishirini mbele. Kila kituo sasa kina mistari yake daftarini: kimo cha mimea kwa mwili wangu (kifundo, goti, kiuno, kichwa), kama kuna dalili za moto, na umbali ninaoweza kuona. Mistari mitatu ya penseli ambayo ilipaswa kuwepo tangu Januari.

## 20 Oktoba 2024: Umbali wa kumsogelea

Hiki ndicho kipimo kinachotembea vizuri, na ni rahisi kukiiga. Unamwona ndege ametua, unamwendea polepole kwa mwendo mmoja ukiwa kwenye njia, na anaporuka unasimama. Kisha unapima kutoka miguu yako hadi alipokuwa. Natumia kamba ya mita 20 yenye fundo kila mita, Sh 6,000. Mwanzo nilihesabu hatua, lakini hatua zangu za mteremko na za mpando hazilingani, na Horombo nikiwa nimechoka zinafupika.

Ndege wa Horombo waliniruhusu mita mbili, mbili na nusu, mara moja chini ya mita moja. Wa vichakani chini walitoka nikiwa mita tisa au kumi. Inaonekana kama ushahidi kwamba wa juu hawaogopi. Lakini Horombo kuna majiko, na majiko yana makombo. Kunguru wa shingo nyeupe wanajua saa ya chakula, panya wa mistari wanajua, na ndege wa mawe naye anajua. Nilikuwa napima shibe.

Kwa hiyo nimeacha kupima ndani ya kambi. Nahesabu kuanzia pale ambapo harufu ya jiko haifiki, angalau nusu kilomita kwenye njia ya Zebra Rocks. Huko waliruka nikiwa mita saba, nane, na mara moja kumi na moja. Tofauti na wa vichakani karibu imetoweka.

Nimewaomba wapishi wa kikundi chetu wasimwage makombo nje. Mzee alikubali kabla sijamaliza sentensi. Mgeni akikirushia kipande cha mkate “kandege” kale, siku hizi namweleza kwa nini asifanye hivyo, na kumwonyesha mwingine anayechokoa wadudu chini ya jiwe.

## 12 Januari 2025: Mwaka mmoja

Saa ya wimbo wa kwanza ndiyo imekaa sawa kwa safari zote nilizoamka. Mandara wanaanza gizani, muda mrefu kabla ya jua. Horombo ndege wa mawe hutoa milio michache mapema, lakini wimbo wenyewe husubiri mwanga, na kutafuta chakula kwa dhati husubiri jua liguse mawe. Kipimajoto changu kinasema usiku huko hushuka karibu na sifuri. Kipimajoto cha kwanza nilikitundika ukutani mwa kibanda, kikawa kinapima joto la watu waliolala ndani. Sasa kiko kivulini mbali na jengo, kimo cha kifua.

Miguu na midomo kwenye picha safi haijaonyesha tofauti kati ya ndege wa vichakani na wa Zebra Rocks. Picha safi ni 61 tu, na za vichakani ni 14 kati ya hizo. Mita zisizofika elfu moja zinaweza kuwa umbali mdogo kwa ndege anayeweza kuruka kutoka kituo hadi kituo asubuhi moja, akazaa na yeyote anayemkuta. Wageni siwaambii tena kwamba wa juu ni wakubwa.

Gharama zote: Sh 150,000 darubini, 420,000 kamera, 45,000 betri, 36,000 vipimajoto, 6,000 kamba, 12,000 madaftari matatu. Jumla Sh 669,000. Usafiri na chakula vilikuwa ndani ya kazi yangu, na ndiyo sababu pekee mradi uliwezekana. Anayetaka kuanza na kidogo anunue darubini, daftari na kamba; kamera isubiri mwaka wa pili.

Safari ijayo ni Februari. Mzee mpishi ameomba daftari lake mwenyewe. Huwa macho kila alfajiri katika kambi zote mbili, na amesema ataandika dakika ya sauti ya kwanza kabla ya kuwasha jiko. Nimempa lile la tatu na penseli mbili.